Kilembe, dhahabu ya Busia au kiwanda cha Jinja: uchague maji gani ya kutafiti?

Juzi saa nne usiku mpwa wangu kanitumia voisi ya karibu dakika tano. Anasoma masta ya uhandisi wa maji, supavaiza anataka mada kufikia Ijumaa, na yeye ana mada nne kwenye karatasi na zote anazipenda. "Mjomba, wewe ulishapita huko, niambie tu nichukue ipi." Nikamjibu binti huyo, mimi siwezi kukuchagulia, maana hata mimi nilichagua kwa kupenda na ikanila miezi minane ya bure, ila naweza kukuwekea zote mezani uziangalie mwenyewe. Nilivyomaliza kumjibu nikaona jibu limekuwa refu kama barua ya mahari, na najua wako wengi kwenye vyuo vya Uganda, Makerere, Busitema, Kyambogo na Mbarara, wamekwama hapohapo, basi nayaandika hapa.

Mada zenyewe ni hizi: maji yanayotoka kwenye mgodi wa zamani wa shaba wa Kilembe kule Kasese. Maji ya wachimbaji wadogo wa dhahabu Busia. Kusafisha maji machafu ya kiwanda, Jinja au Kampala. Na ya nne ambayo wengi wanaidharau, kupima kiwanda kinatumia maji kiasi gani na wapi yanapotea.

Vitu vya kuangalia kabla hujapenda

Wanafunzi wengi wanachagua kwa ukubwa wa tatizo. Ati zebaki ya wachimba dhahabu inaua, basi niende kwenye zebaki. Tatizo likiwa kubwa halimaanishi utapata data, tena mara nyingine ndiyo sababu hutaipata. Mimi naangalia vitu vitano, na hivi viwili vya kwanza ndivyo nimeona vikiua projekti nyingi.

Geti: nani ana ufunguo wa mahali maji yalipo, na akikasirika katikati utafanya nini. Chupa: sampuli inaweza kusubiri muda gani kabla haijaharibika, na maabara iko wapi. Mfuko: pesa na muda, kwa sababu masta ina mwisho hata kama ufadhili hauna mwanzo. Mwili: nini kinaweza kukudhuru wewe au watu unaowahoji. Na Baadaye: nani atayatumia majibu yako, na je yatakupatia kazi.

Hapo kwenye chupa niseme kidogo, kwa sababu hakuna aliyeniambia mapema. Kila kitu unachopima majini kina uvumilivu wake. Metali kama shaba na kobalti ni wavumilivu kweli, ukichuja kwa karatasi ya maikroni 0.45 na kutia asidi ya naitriki hadi pH (kipimo cha uasidi, chini ya 7 ni asidi) ishuke chini ya 2, sampuli inakaa hadi miezi 6. Zebaki inakupa siku 28. Sayanaidi siku 14, tena hiyo haitiwi asidi, inatiwa sodiamu haidroksaidi hadi pH ipite 12, ikae kwenye baridi na giza. COD (oksijeni inayohitajika kuunguza uchafu wa majini kwa kemikali) ukiitia asidi ya salfa nayo inafika siku 28. Kromu ya namba sita, ile yenye sumu zaidi, inataka saa 24. BOD (oksijeni ambayo bakteria wanaitumia wakila uchafu wa majini) ndiyo haina subira kabisa, siku moja, mwisho kabisa saa 48, halafu ikishafika maabara inakaa siku 5 kwenye nyuzi joto 20. Sasa chukua ramani ya Uganda uweke hizo namba juu yake, utaona mada zinaanza kujipanga zenyewe.

Kilembe

Shaba ilianza kuchimbwa pale 1956, kampuni ya Falconbridge ya Kanada, reli ikafikishwa Kasese mwaka huohuo na kuyeyusha shaba kukafanyika Jinja. Uchimbaji ulisimama 1982. Lakini mgodi ukifungwa maji hayapewi barua ya kuacha kazi, yanaendelea kupita kwenye mashimo na kwenye marundo ya mchanga uliobaki kando ya mto Nyamwamba. Mto unashuka kutoka Rwenzori, unapita mjini Kasese, unaelekea upande wa hifadhi ya Queen Elizabeth na ziwa George.

Kemia yake ni hii: ndani ya mawe kuna pairaiti, yaani chuma na salfa. Ikikutana na hewa na maji inatoa asidi ya salfa, asidi inayeyusha shaba na kobalti na wenzao, na kuna bakteria wanaokula chuma na salfa wanaoifanya kazi hiyo iende haraka mara nyingi zaidi. Mimi ninachokipenda hapa ni kwamba bakteria wa jamii hiyohiyo ndio walioajiriwa baadaye: kampuni ya Kasese Cobalt, iliyoanza kuzalisha 1999, ilichukua lile rundo la pairaiti lililoachwa na mgodi na kutumia bakteria kutoa kobalti. Mharibifu mmoja, kazi mbili.

Ila tafadhali usiandike kwenye proposali kwamba maji ya Kilembe ni asidi kabla hujapima. Inategemea unachota wapi. Kulikuwa na njia ndani ya hifadhi ambako maji ya lile rundo yalipita na nyasi zikafa, hapo asidi haikuhitaji mita. Kwingine mawe yenyewe yanaweza kuipoza, ukakuta pH ya kawaida na metali bado zimo. Beba mita ya pH siku ya kwanza, mada yako inaweza kubadilika hapohapo mtoni.

Geti: mto wenyewe hauna geti, unaanza na mwenyekiti wa kijiji (LC1) na wilaya. Ukitaka eneo la mgodi unaomba kibali cha wenye mgodi, na hapo ujue mgodi umebadilisha mikono, Tibet Hima ya China ilipewa 2013 na mkataba ukavunjwa 2017, kwa hiyo barua ya mwaka huu inaweza isimjue bosi wa mwaka ujao. Ndani ya hifadhi ni ruhusa ya UWA, mamlaka ya wanyamapori. Sio rahisi lakini njia zinajulikana, na hata wakikufungia mgodi bado unabaki na mto. Hilo ni jambo kubwa kuliko linavyosikika.

Chupa: hapa Kilembe inawashinda wenzake. Metali inasubiri. Unachuja palepale, unatia asidi, unapanda basi siku nzima hadi Kampala na hakuna kilichoharibika.

Mfuko: safari ndiyo inakula. Lazima uende kiangazi na uende mvua, maana mvua inaleta mchanga wa mgodi mtoni na majibu yanageuka. Piga hesabu, sehemu 6, misimu 2, sampuli 3 kila mara, ni chupa 36, ukipima metali 5 ni vipimo 180, na maabara inalipisha kwa kipimo. Watu wanasahau kuzidisha. Upande wa kusafisha ndio una bei nzuri, kwa sababu chokaa iko jirani, Hima ni hapohapo wilayani Kasese. Ndoo, mawe ya chokaa, pampu ndogo, unaanza. Shida utakayokutana nayo ni chuma kugandia juu ya mawe kama kutu hadi chokaa inaacha kufanya kazi, na hiyo siyo kufeli, hiyo ndiyo tasnifu. Halafu shaba inaganda na kushuka chini kwenye pH ambayo mawe ya chokaa yanaifikia ila kobalti inataka juu zaidi, karibu 9, na manganizi juu zaidi ya hapo, sasa wewe utafanyaje? Kuna swali zuri hapo la miaka miwili.

Mwili: Nyamwamba siyo mto wa mchezo. Ulifurika 2013, ukarudia 2014, na Mei 2020 ukapiga hadi hospitali ya Kilembe. Mvua ikinyesha mlimani wewe uko chini kwenye jua na huoni kitu. Uwe na mtu wa pale wa kukupigia simu. Mashimo ya zamani usiingie, hata kwa picha.

Baadaye: wapo wanaosubiri majibu, wavuvi wa ziwa George, wakulima wa bustani kando ya mto, mwekezaji yeyote wa mgodi. Ziwa George ndilo lilikuwa eneo la kwanza la Uganda kuingia mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu, 1988. Ila watafiti wameshapita sana, udongo na mboga na matope ya ziwa vilishapimwa metali. Ukija kusema tu "metali zipo" mtahini atapiga miayo. Ingia kwenye kusafisha, au kwenye mvua, au kwenye kobalti.

Inamfaa mtu anayependa kemia, ana subira, na ana shangazi au rafiki Kasese wa kumlaza.

Dhahabu ya Busia

Hapa sitajifanya sina upande, mimi ni mtoto wa Busia. Nimekua nikiona wamama wameinama juu ya karai, mchanga mweusi umebaki chini, wanadondoshea zebaki (wao wanasema mekuri) na kukoroga kwa kidole. Inashika dhahabu, wanaikamua kwa kitambaa, wanaichoma kwenye kijiko, moshi unaondoka na dhahabu inabaki. Maji ya karai yanamwagwa pale waliposimama. Nilikuwa naona kama kupika tu.

Geti: hakuna geti, na hiyo ndiyo shida. Geti lina askari mmoja wa kuomba, kijiji kina watu mia. Mwenye shimo, mwenye krasha ya kusaga mawe, wanaoosha, anayenunua, mwenyekiti. Na wanakumbuka. Mwaka 2017 jeshi liliwatoa wachimbaji wadogo Mubende, hiyo habari ilifika kila mahali panapochimbwa, sasa mgeni na daftari na chupa anaonekana kama serikali. Sheria mpya ya madini ya 2022 imewatambua wachimbaji wadogo na kuwapa njia ya leseni, ila mtu wa shimoni hajui wewe umekuja kwa sheria ipi. Nenda mara ya kwanza bila chupa. Kunywa chai. Mara ya pili pia bila chupa. Kama huna lugha ya pale au Kiswahili cha kueleweka, tafuta mwenzako anayejua, siyo mkalimani wa kulipa kwa saa. Na kwa kuwa utahoji watu, kamati ya maadili ya chuo kwanza halafu UNCST (baraza la taifa la sayansi na teknolojia), hiyo peke yake inakula miezi.

Chupa: ngumu. Zebaki inaganda kwenye kuta za plastiki ya kawaida na inatoroka hewani, inataka glasi au Teflon, usafi wa kutisha, na mashine yake maalumu ya mvuke baridi, siyo kila maabara inayo na siyo kila siku inafanya kazi. Kingine kinachowakata watu miguu ni kwamba unachota maji, unapeleka, unaambiwa hakuna zebaki au ni chini ya ile 0.006 ya miligramu kwa lita ya WHO. Unafikiri eneo ni salama. Hapana kaka, zebaki inapenda matope, inakaa chini, na huko bakteria wanaigeuza kuwa zebaki ya methili ambayo ndiyo inapanda kwenye samaki. Chota matope. Maji yaliyotulia juu hayakwambii kitu.

Kuna swali jingine hapa ambalo mimi ningekuwa kijana ningelikimbilia. Marudio, yaani mchanga uliokwisha oshwa, siku hizi unanunuliwa na kulowekwa kwenye matangi ya sayanaidi kutoa dhahabu iliyobaki. Sasa mchanga ule tayari una zebaki ndani, na sayanaidi inaishika zebaki na kuifanya iyeyuke majini, kitu ambacho zebaki peke yake haikuwa inakifanya kirahisi. Kwa hiyo sumu mbili zinasaidiana kusafiri. Ukiweza kupima hiyo kwa usalama, umepata kitu.

Mfuko: safari ni rahisi, Busitema iko hukohuko wilayani na ina uhandisi wa migodi na wa maji pia, kwa mwanafunzi wa pale ni kama kwenda sokoni. Kutoka Kampala ni karibu kilomita 200. Vipimo vya zebaki ndivyo vinauma. Muda weka mara mbili ya unaodhani.

Mwili: mvuke wa zebaki hauonekani na hauna harufu, usisimame upande upepo unakoelekea wakati wanachoma. Kwenye sayanaidi, pH ikishuka inatoa gesi inayoua, usiguse tangi la mtu. Na kuna mwili wa wengine: ukiandika jina la kijiji na kiwango, umewaweka wapi watu waliokukaribisha chai? Hilo lijibu kabla, siyo kwenye ukurasa wa shukrani.

Baadaye: serikali, mashirika, mkataba wa Minamata (wa kimataifa wa kupunguza zebaki) ulioanza kufanya kazi 2017, wote wanatafuta njia ya kuacha zebaki. Anayeweza kuonyesha meza ya kutikisa (inatenganisha dhahabu na mchanga kwa uzito) au kifaa cha kunasa mvuke kinaokoa dhahabu ngapi na maji ngapi, huyo atasikilizwa na mchimbaji mwenyewe, maana mchimbaji anasikia dhahabu kwanza.

Inamfaa anayejua kukaa na watu, hata kuliko anayejua maabara.

Maji machafu ya kiwanda

Hii ndiyo niliyochagua mimi. Jinja, kiwanda sitakitaja. Nilikuwa na barua, nilikuwa na boksi la barafu jipya, nilikuwa na kila kitu. Siku ya kwanza nikachota saa tatu asubuhi, nikapanda teksi kwenda Kampala, kilomita 80 tu, lori likawa limelala njiani Mabira. Nikafika maabara imefungwa. Ilikuwa Ijumaa. Jumatatu yule fundi wa maabara akafungua chupa, akanusa, akaniangalia kwa huruma, "hii siyo BOD tena, hii ni supu." Nikajifunza. Nikaanza kuchota Jumatatu na Jumanne tu. Safari ya tatu majibu yakaanza kuonekana mabaya kwa kiwanda, nikamwonyesha injinia kwa nia njema, na safari ya nne askari getini akaniambia injinia amesema nisubiri. Nilisubiri miezi mitano. Ukijumlisha na ile ya supu ndiyo minane.

Kwa hiyo Geti: ni moja, ni la chuma, na mwenye ufunguo anaweza kubadilika. Kiwanda kinachomwaga maji nje kinatakiwa kuwa na kibali cha kumwaga, na namba zako zinaweza kukiweka pabaya, mwelewe huyo meneja. Kanuni za 1999 ziliweka BOD ya miligramu 50 kwa lita, zikaja kanuni nyingine 2020, chukua jedwali jipya usije ukamlinganisha mtu na namba za zamani. Andikishaneni mapema: jina la kiwanda halitajwi, na ukifungiwa una haki ya kutumia ulichokwisha pata. Mimi sikuandikisha. Au fanya kama wengine, chukua maji nje ya geti. Watafiti wa Makerere miaka ya 1990 walikichunguza kinamasi cha Nakivubo jinsi kinavyosafisha maji ya Kampala kabla hayajafika ziwani, na hakuna askari wa kinamasi.

Chupa: nimeshasema. Iwe karibu na maabara, basi. Kama chuo chako kina mashine ya BOD na uko Kampala, viwanda vya Nalukolongo au Luzira ni bora kwako kuliko Jinja, na wa Jinja atafute maabara ya Jinja.

Mfuko: inategemea kiwanda. Bia na sukari na samaki ni maji yenye chakula ndani, bakteria wanayala, na joto letu linasaidia, mtambo wa kuozesha bila hewa unafanya kazi bila kupashwa moto na unatoa gesi ya kupikia juu yake. Kinamasi cha kutengeneza kwa mafunjo ni cha bei ndogo, matangi ya plastiki yaliyokatwa, kokoto, mafunjo ya bure, ila mmea unataka miezi kadhaa kushika mizizi kabla hujaanza kupima, na wanafunzi wanapanda Machi wanataka majibu Mei. Ngozi ni ulimwengu mwingine, chumvi, salfaidi, kromu, tani moja ya ngozi mbichi inakunywa mita 30 hadi 40 za ujazo za maji. Ukienda ngozi usiende na mafunjo peke yake.

Mwili: kwenye ngozi, maji ya salfaidi yakikutana na maji ya asidi kwenye mfereji mmoja inatoka ile gesi ya yai bovu. Ukiacha kuisikia harufu usifurahi, pua ndiyo imekufa ganzi. Toka. Kwenye bia na sukari hatari kubwa ni kuteleza na maji ya moto.

Baadaye: kazi. Tuseme ukweli tu, viwanda vinaajiri watu wanaojua kuendesha mitambo ya maji machafu, na NWSC, shirika la taifa la maji, pia, tangu mtambo wa Bugolobi wa mita za ujazo 45,000 kwa siku uanze. Miezi yangu minane ya kulia ndiyo iliyonipa kazi ninayofanya leo, siwezi kukataa.

Inamfaa aliye karibu na maabara na aliye na mtu ndani ya kiwanda, siyo barua tu, mtu.

Kupima matumizi ya maji kiwandani

Hii watu wanaiona kama kazi ya fundi bomba. Haina sumu, haina picha za mto wa rangi ya chungwa. Nitapita haraka lakini msiidharau.

Geti ni lilelile la chuma, ila safari hii meneja anakufungulia akicheka, kwa sababu umekuja kumpunguzia bili. Hiyo tofauti ni kubwa kuliko zote nilizoandika hapa. Chupa karibu haipo, unapima mtiririko: mita za kiwanda, mita ya kubandika juu ya bomba inayopima kwa sauti ukipata ya kuazima, na kama huna kitu kabisa, jerikeni na saa ya simu. Bomba likijaza jerikeni ya lita 20 kwa sekunde 40 hiyo ni nusu lita kwa sekunde, ukiliacha wazi mchana na usiku ni lita 43,200. Mwonyeshe meneja hiyo namba moja, atakuitia soda. Mfuko ni mdogo kuliko zote, lakini muda unakaa sana kiwandani, zamu ya usiku pia, maana usiku ndipo mipira inaachwa inatiririka. Mwili: mvuke, sakafu, na mashine. Vaa buti.

Sayansi ipo, usiogope supavaiza. Miwa karibu asilimia 70 ni maji, kwa hiyo kiwanda cha sukari kinapokea maji kila lori linapoingia, swali ni kwa nini bado kinavuta mengine nje. Viwanda vya bia duniani vingi viko kati ya lita 3 na 7 kwa lita moja ya bia, cha kwenu kiko wapi na ile tofauti inakwenda wapi, kuosha, kupoza, au mvuke usiorudishwa kwenye boila? Ukifunga hesabu ya kinachoingia na kinachotoka hadi ikakubaliana, umefanya uhandisi. Baadaye yake: kituo cha Uganda Cleaner Production Centre, kinachosaidia viwanda kupunguza upotevu na uchafuzi, kimekuwa na kazi ya namna hii tangu 2001, na kiwanda kikiona umekiokolea shilingi kinakupigia simu. Ila ukitaka kuchapisha jarida kubwa la kimataifa, utahitaji kuongeza kitu, mfano wa kompyuta au majaribio ya kutumia maji mara ya pili, vinginevyo watakwambia ni ripoti ya ushauri.

Inamfaa mwenye kazi ya mchana, mwenye pesa kidogo, mwenye haraka. Na anayelala usingizi mwepesi.

Kulingana na hali yako

Kama huna ufadhili na umebakiza mwaka mmoja, tazama ya nne kwanza, halafu mafunjo nje ya geti. Usiguse zebaki.

Kama una ufadhili wa kweli, umeshaingia kwenye akaunti siyo wa kuahidiwa, Kilembe na Busia zote ziko wazi kwako. Kati ya hizo mbili jiulize unapenda kukaa na mawe au na watu. Sisemi kwa utani, nimeona mkemia mzuri sana akirudi kutoka kwa wachimbaji na ukurasa mmoja wa data kwa sababu hakuna aliyemwamini.

Kama wewe ni wa Busitema na unataka migodi, dhahabu iko mlangoni na wenzako wa Kampala hawawezi kukushinda kwa hilo. Kama uko Mbarara au Fort Portal, Kilembe iko upande wenu.

Kama kuna mtu wa familia anafanya kazi kiwandani, usimtumie kama mlango wa nyuma. Namba zikiwa mbaya wewe utahitimu na yeye atafukuzwa. Mtumie akutambulishe kwa injinia, mbele ya watu, basi.

Kama lengo ni PhD baadaye, Kilembe au yale marudio ya zebaki na sayanaidi yana swali refu la kuendelea nalo. Kama lengo ni mshahara mwaka ujao, kiwandani, ya tatu au ya nne. Kama una mimba au unanyonyesha, dada yangu, kazi ya zebaki iahirishe, matope yatakuwepo.

Na kama supavaiza wako ana mada yake, ana mashine yake na ana ufunguo wa geti fulani tayari, sikiliza hiyo kwanza kabla ya haya yangu yote, hata kama mada haikukufurahisha siku ya kwanza.

Mpwa wangu mpaka naandika hii hajaniambia amechukua ipi. Asubuhi katuma meseji moja tu: "Mjomba, lile boksi lako la barafu bado lipo?" Nimemjibu lipo, kifuniko kimevunjika bawaba upande mmoja, afunge na kamba.